Hewa Safi, Kutwa Mara Tatu

Mama yangu alihamia kwetu Kalemie mwaka wa kwanza wa vita. Alikuja kwa mtumbwi wa mota kutoka kijiji chetu cha upande wa Moba, akiwa na mabeseni mawili, wavu wa waya wa kukaushia samaki, na pumu. Alikuwa amekimbia siku tatu. Aliposhuka mtumbwini, kabla hata ya kunisalimia vizuri, aliuliza bei ya mikebuka, samaki wa ziwa letu, sokoni.

Tulikaa katika nyumba ya reli, vyumba viwili na sebule, kwa sababu mume wangu alikuwa karani wa reli. Tangu vita vianze treni hazikufika tena, lakini biro, yaani ofisi yao, haikufungwa. Kila asubuhi alivaa shati jeupe, akaenda stesheni, akaandika kwenye daftari kwamba hakuna behewa lililoingia wala lililotoka, akasaini, mkubwa wake naye akasaini, wakapiga muhuri. Saa nne alikuwa amemaliza. Mwanamume mwenye akili akimaliza kazi saa nne ya asubuhi, nyumba yake iko hatarini.

Mimi nilikuwa mshonaji. Cherehani yangu ilikaa barazani, na kutoka hapo niliona kila kitu.

Siku ya pili tu mama alitafuta mahali pa kuweka wavu wake. Kiwanja chetu kilikuwa kidogo. Nyuma palikuwa na choo, kushoto palikuwa na ukuta wa jirani, kulia palikuwa na ua wa nyumba kubwa ya zamani ambayo komanda wa wanajeshi alikuwa ameichukua pamoja na viti vyake. Ilibaki nafasi moja, hatua mbili kutoka dirisha la chumba ambamo mama mwenyewe alilala. Akachimba shimo hapo, akapanga matofali, akaweka wavu, akawasha kuni mbichi kidogo ili moshi uwe mwingi. Moshi ulipanda, ukaona dirisha, ukaingia.

Nilimwambia, "Mama, mutakufa na huu moshi."

"Nimekaa nao miaka makumi tatu," akasema. "Unanijua."

Na kweli, samaki wake walisifika haraka. Wanawake wa sokoni walikuja kuwanunua nyumbani. Katika miezi ile ambapo mshahara wa reli ulikuwa hadithi na watu hawakuwa wakishona nguo mpya, sisi tulikula kwa mkono wa mama. Nasema hivi mapema ili mtu asiniulize mbona hatukumzuia.

Kisha siku moja mchana pumu ilimkamata vibaya. Nilimkuta amekaa chini, mikono kwenye magoti, mabega yanapanda na kushuka, na hawezi kutoa neno. Mume wangu akampakia kwenye baiskeli, mimi nikamshika mgongo, tukamsukuma hadi kwenye kituo cha afya. Muuguzi alikuwa mtu mmoja mrefu aliyechoka sana. Alikuwa peke yake na wagonjwa walijaa hadi uani. Alimpiga mama sindano, akasubiri, akamsikiliza kifua, kisha akamwambia mume wangu:

"Papa, huyu mama anahitaji hewa safi."

"Andika," mume wangu akasema.

"Niandike nini?"

"Hiyo hewa safi. Andika kwenye karatasi, na mara ngapi kwa siku. Mimi ni muntu wa biro. Kitu bila karatasi nitakisahau."

Muuguzi alimtazama. Naona alipima nguvu alizobakiwa nazo, akaona hazitoshi kwa ubishi. Akachukua karatasi ya dawa akaandika: Hewa safi, kutwa mara tatu. Akapiga muhuri.

Mtu mwingine angecheka akaiweka mfukoni. Mume wangu aliipeleka duka la dawa. Hadi leo anasema alikwenda kununua dawa ya kichwa na karatasi ile aliionyesha kwa utani, lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu naye na sikuona utani wowote usoni mwake. Mwenye duka aliisoma mara mbili. Akaingia nyuma ya pazia. Tulimsikia akisogeza maboksi. Akarudi.

"Hii imetuishia," akasema. "Labda boti ya Kigoma ikifika."

Na boti ilipofika, hewa safi ilikuwemo.

Palikuwa na mzee mmoja sokoni, Mwislamu wa ukoo uliofanya biashara ya ziwa tangu zamani za babu zao, mtu wa kofia na wa maneno machache. Duka lake lilikuwa na sukari, betri, sabuni, vitenge, na chochote ambacho ndugu yake wa Kigoma aliona kimeanguka bei. Safari ile ndugu yake alikuwa amemtumia maboksi ya vyombo vya umeme, na ndani yake mlikuwa na mashine mbili ambazo hata mzee hakuzijua hadi aliposoma maboksi. Mume wangu alikuja mbio nyumbani kunichukua.

"Mashine ya kusafisha hewa," akasema. "Ya nyumbani. Unaiweka chumbani, inanyonya hewa chafu, inatoa safi."

"Na ile chafu inakwenda wapi?"

Ni swali ambalo hakuwa amelifikiria. Tukaenda kumuuliza mzee.

"Inabaki kwenye filta," mzee akasema. Akafungua mashine ndogo, akatuonyesha chujio: karatasi nyeupe iliyokunjwa-kunjwa kama sketi ya marinda, ndani ya fremu ya plastiki. "Uchafu unakaa humu. Ikijaa unatupa, unaweka nyingine. Kila miezi sita, boksi linasema."

Ile mashine kubwa ilikuwa na chujio la sponji. Boksi lake lilisema linaoshwa kwa maji na kurudishwa, wala halinunuliwi tena. Lakini bei ya mashine yenyewe ilikuwa mara tatu ya ile ndogo.

Tulikaa dukani kwa mzee tangu saa tano hadi saa tisa. Wateja waliingia, wakanunua sukari, wakasikiliza, wakatoa maoni, wakaondoka. Pesa wakati ule haikuwa na maana moja. Noti iliyokubaliwa asubuhi ilikataliwa jioni, nyingine ilikuwa na thamani ng'ambo ya mto tu. Kwa hiyo kila bei tuliipima kwa mabeseni ya mikebuka wa mama. Mashine ndogo ilikuwa mabeseni kumi na mawili. Chujio lake moja la akiba lilikuwa mabeseni saba.

"Saba!" nikasema. "Karatasi?"

"Mama, mashine si biashara," mzee akasema kwa upole. "Mashine njo mulango. Filta njo biashara."

Mume wangu alitoa kalamu. Alichora mistari nyuma ya karatasi ya muuguzi, huku mashine ndogo, huku kubwa, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ikaonekana kwamba ndogo, pamoja na machujio yake, ingeipita kubwa kwa gharama mwishoni mwa mwaka wa pili, na baada ya hapo ingeendelea kutula milele. Akili ilisema tununue kubwa.

"Tuko vitani," nikamwambia. "Unahesabu mwaka wa tatu?"

"Vita itaisha."

"Ikiisha, tutanunua kubwa."

Akamuuliza mzee kama kweli sponji ile huoshwa. Mzee alikuwa mwaminifu, na uaminifu wake ndio ulioharibu mambo. "Boksi linasema hivyo," akajibu. "Mimi sijaona muntu ameosha. Sponji ya godoro ukiiosha, unajua inavyokuwa."

Basi tukarudi nyumbani kumuuliza mama, kwa kuwa kifua kilikuwa chake na samaki pia walikuwa wake. Alisikiliza yote akigeuza samaki, moshi umemfunika hadi kiunoni.

"Mashine inanunuliwa mara moja, chujio hadi mutu afe?" akauliza.

"Njo hivyo, Mama," mume wangu akasema.

"Basi chukueni ile ndogo. Sitawachelewesha."

Mume wangu aliumia sana kwa jibu lile, na nadhani ni kwa sababu hiyo alifanya alichofanya kesho yake. Alikwenda kwa mzee akachukua mashine ndogo na chujio moja la akiba, akaacha baiskeli yake kama malipo. Ile baiskeli iliyompeleka mama kwenye kituo cha afya. Nilipomuuliza mama akizidiwa tena tutampeleka na nini, alisema hatazidiwa, kwa sababu tutakuwa na mashine.

Mashine ilikuwa nyeupe, urefu wa mtungi wa maji. Juu yake ilikuwa na taa moja. Hewa ikiwa safi taa ilikuwa ya kijani, ikiwa chafu ilikuwa nyekundu. Hii, mume wangu alisema, ndiyo sehemu ya akili. Tuliiweka chumbani kwa mama tukasubiri umeme. Umeme ulitoka Bendera, kwenye mtambo wa maporomoko ya maji, na kabla haujafika kwetu ulipita katika maeneo ya watu wengi wenye bunduki, na kila mmoja alikuwa na maoni yake juu yake. Tulisubiri siku nne. Siku ya tano, saa nane mchana, balbu ya sebuleni ikawaka, watoto wa mtaa wakapiga kelele, mume wangu akabonyeza kitufe.

Taa ikawaka nyekundu.

Tuliikodolea macho. Mashine ilinguruma kama paka aliyeshiba. Nje ya dirisha, hatua mbili tu, mama alikuwa na mikebuka beseni zima kwenye wavu. Baada ya saa nzima taa ilikuwa bado nyekundu, na umeme ukakatika.

"Inafanya kazi," mume wangu akasema. "Imesema kweli."

Majuma yaliyofuata nisingependa kuyakumbuka mbele ya watu wenye elimu, lakini ndivyo tulivyoishi. Umeme ukija, mmoja wetu alikimbia kuwasha mashine. Mama naye alikimbia kuizima, kwa sababu aliamini inanyonya harufu ya samaki wake, na mteja hununua kwanza kwa pua. Mume wangu alifunga dirisha. Mama alilifungua, maana alihitaji kuwaangalia samaki akiwa amelala. Nilipopendekeza wavu uhamishwe, wote wawili walinijibu kwa sauti moja kwamba hakuna nafasi, na ilikuwa kweli.

Mwisho wa mwezi mume wangu alifungua mashine. Chujio lilikuwa jeusi kama sufuria ya msibani. Boksi lilikuwa limesema miezi sita. Tuliweka lile la akiba, na jioni ile alikaa mezani na kalamu kwa muda mrefu, kisha akaniita kwa sauti ya ajabu.

"Ili kununua filta moja," akasema, "mama lazima akaushe mabeseni saba."

"Ndiyo."

"Na filta moja imekufa kwa mabeseni mangapi?"

Nilihesabu. Mwezi ule, pamoja na siku za kukosa umeme, mashine ilikuwa imewaka wakati wa mabeseni saba hivi, au nane.

Tulitazamana. Mama alikuwa anakausha samaki ili anunue kitu cha kuondoa moshi wa kukausha samaki. Mume wangu alianza kucheka, nikaanza na mimi, tukacheka hadi machozi, na mama kutoka chumbani akauliza ni nini, na hatukuweza kumwambia.

Wanajeshi walikuja siku tatu baadaye, mchana, sita kwa ajili ya mashine moja. Mlinzi wa komanda alikuwa ameona kupitia ua taa nyekundu ikiwaka dirishani kwetu, ikizimika, ikiwaka tena. Kuwaka na kuzimika ilikuwa ni vita ya mume wangu na mama, lakini yeye aliona ni ishara kwa adui. Walituuliza ndege za adui tunaziita saa ngapi. Wakaichukua mashine, wakamchukua mume wangu, na mimi nikawafuata na uzi wa kushonea bado uko shingoni.

Komanda alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ndogo. Alikaa kwenye veranda ya nyumba ile kubwa. Waliweka mashine mezani mbele yake. Aliizunguka kwa macho.

"Hii njo redio?"

"Hapana, Komanda," mume wangu akasema. "Inasafisha hewa."

"Hewa gani?"

"Hewa ya nyumbani."

Komanda alimgeukia. "Hewa ya hapa iko na nini?"

Mume wangu aliona shimo alilosimama ukingoni mwake. Kwenye biro alikuwa amejifunza kutosema jambo lolote bila karatasi, akatoa mfukoni karatasi ya muuguzi. Komanda akaisoma. Akaigeuza, akakuta nyuma yake mistari, tarakimu, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mabeseni saba, mabeseni kumi na mawili.

"Na hizi?"

"Bei ya filta, Komanda."

Sikuwahi kuona mtu akiogopa na kueleza kwa ufasaha kama mume wangu siku ile. Alieleza mashine ndogo na kubwa, karatasi na sponji, uongo wa miezi sita, duara la samaki na moshi. Askari walikuwa wamesogea karibu kusikiliza. Mmoja akasema sponji ingekuwa afadhali. Mwingine akambishia. Komanda aliuliza maswali mawili ya busara kabisa kuhusu fremu ya plastiki. Kisha akasema chombo hiki hakina karatasi ya kibali, na kwa hiyo kitabaki kwake hadi uchunguzi uishe. Mwandishi wake akafungua daftari akauliza akiandike kama nini, maana kulikuwa na safu ya redio, safu ya bunduki na safu ya magari. Walijadiliana. Wakaandika "gari dogo". Mume wangu akasaini.

Tulirudi nyumbani wawili, bila mashine, bila baiskeli, na tukiwa hai, na hilo la mwisho lilitufurahisha kuliko tulivyotegemea. Mama alisema tu, "Sasa nitasikia harufu ya samaki wangu."

Lakini yeye ndiye aliyegundua jambo lenyewe. Asubuhi moja alikuwa akigeuza samaki karibu na ua, akanyamaza, akaniita kwa kidole. Upande wa pili mtu alikuwa akikohoa, kikohozi kifupi cha kujizuia, na nyuma ya kikohozi kulikuwa na mluzi.

"Unasikia?" mama akanong'ona. "Hiyo njo yangu. Huyo ana pumu."

"Nani?"

"Mwenye nyumba kubwa."

Baada ya juma moja hivi askari alikuja kumwita mume wangu. Mama akasema atakwenda na yeye. Hatukuweza kumzuia. Alivaa kitenge chake kizuri, akafunga mikebuka watatu kwenye jani la mgomba, tukaenda wote.

Mashine ilikuwa chumbani kwa komanda, karibu na kitanda, taa nyekundu. Chujio lilikuwa limekufa. Komanda aliwatoa askari wote nje, akafunga mlango, na akatuambia kwa sauti ile ndogo kwamba mashine ilikuwa imemsaidia kulala siku za mwanzo, na sasa imekuwa taa nyekundu tu. Alitaka filta mpya.

"Hakuna Kalemie, Komanda," mume wangu akasema. "Labda Kigoma."

Mama alikuwa anamtazama kifua. "Mutoto wangu," akasema, "ilianza lini?"

Nilitaka ardhi inimeze. Hakuna aliyemwita mtu yule mtoto. Komanda alitazama mlango, akahakikisha umefungwa.

"Tangu nikiwa mudogo."

"Na askari wako hawajui."

"Hawatakiwi kujua."

"Mimi nikizidiwa naketi hivi," mama akasema, akakaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa, akamwonyesha: mikono kwenye magoti, midomo kama mtu anayepuliza chai. "Toa polepole. Usipigane nayo." Na komanda wa mji mzima, Mungu ni shahidi wangu, alikaa kitandani akapuliza chai. Wakapuliza pamoja. Mimi na mume wangu tulisimama kama watu waliokosea ibada.

Walipomaliza, komanda akamuuliza ule moshi unaopita kwenye ua ni wa nani.

"Wangu," mama akasema. "Nimekuletea na samaki wake."

Nilidhani tumekwisha. Lakini komanda akasema tu wavu uondoke pale leo.

"Uende wapi? Hakuna nafasi. Wewe njo ulichukua nyumba yenye kiwanja."

"Mama," nikasema.

"Si ni kweli?"

Komanda aliwaita askari wake. Mchana ule ule vijana wanne wenye bunduki mgongoni walibeba matofali ya mama, mmoja mmoja, hadi ufukweni mwa ziwa, chini ya mteremko, mahali penye upepo ambapo raia walikuwa wamekatazwa kufika tangu vita vianze. Walimjengea tanuru lenye urefu wa kiuno, mdomo ukiangalia ziwani, moshi ukienda kwa mikebuka walio hai. Mama aliwasimamia. Aliwarudishia tofali mara mbili akisema limepinda. Mwisho wa juma wanawake wengine wa mtaa waliokuwa wakikausha samaki waliomba nao nafasi, na askari, kwa kuwa hawakuwa wamepewa amri ya kukataa, wakawajengea.

Hilo lingetosha, lakini komanda bado alitaka filta yake. Akaandika karatasi. Watu wakati ule walisubiri miezi kupata ruhusa ya kuvuka ziwa. Nilimjua mama mmoja aliyekuwa na mgonjwa na hakuipata. Mume wangu alipewa kwa robo saa. Iliandikwa kwamba mwenye karatasi hii anasafiri kwa ajili ya hewa ya komanda na asizuiwe. Bandarini askari waliisoma, wakampigia saluti. Mmoja alimbebea mfuko. Aliniambia baadaye kwamba maisha yake yote ya reli hakuwahi kusafiri kwa heshima kama ile.

Usiku wa kuamkia safari majirani walimletea barua za kuwapelekea jamaa zao walioko kambi za wakimbizi upande wa pili wa ziwa, akazishona ndani ya koti. Yaani mimi nilizishona.

Alikaa Kigoma siku kumi na moja. Filta ya mashine ile haikuwepo. Ndugu wa mzee wa duka alimwambia hata yeye hajui ni wapi walizitengeneza, na labda walishaacha. Mume wangu alinunua filta ya gari kubwa, kwa sababu ilikuwa imekunjwa-kunjwa vilevile kama sketi ya marinda, na kwa pesa iliyobaki alinunua alichokuwa amepanga kununua tangu mwanzo bila kuniambia: pompi za pumu, zile za kupuliza mdomoni, nne.

Filta ilikuwa kubwa kuliko fremu kwa vidole vinne. Niliikata kwa mkasi wangu mkubwa, nikashona kingo zake kwa uzi wa turubai ili isifumuke, nikaibana kwenye fremu. Ilikuwa kazi nzuri, nasema mwenyewe. Tuliipeleka. Komanda akabonyeza kitufe. Taa ikawa nyekundu kidogo, ikasita, ikawa kijani.

Alifurahi kama mtoto. Sikumwambia ninachofikiri, kwamba moshi haukuwapo tena na hata kitambaa cha gauni kingetoa kijani. Mama alimpa pompi moja kati ya nne. Alimwekea mkononi, akamfunga vidole.

"Moja tu," akasema. "Tatu ni zangu."

Komanda aliondoka na watu wake miezi michache baadaye, alfajiri, kwa malori matatu kuelekea Nyunzu. Nilikuwa barazani. Juu ya lori la mwisho, kati ya magodoro na viti vya nyumba kubwa, nilikiona kile chombo cheupe kimefungwa kamba. Nyunzu hakukuwa na umeme. Sikujua alifikiri nini, na habari zake hatukuzipata tena. Mume wangu alitaka kukimbia nyuma ya lori na karatasi aliyosaini, ile ya gari dogo. Nilimshika shati.

Ufukweni hakuna aliyekuja kuwafukuza wanawake. Wanajeshi waliofuata walikuta matanuru yapo wakadhani yamekuwapo daima.

Mama aliweka pompi zake kwenye kopo la maziwa, akazitumia kwa ubahili, na mbili za kwanza zilimfikisha karibu mwisho wa vita. Kifua hakikupona. Lakini nakumbuka siku moja ya kiangazi, nikiwa kwenye cherehani, nilimwona akipanda mteremko kutoka ziwani, beseni kichwani, anaongea na jirani yake kuhusu mtu fulani aliyeuza samaki wa jana kama wa leo. Alikuwa na mengi ya kusema. Alipanda mteremko wote akiyasema, akapita mbele yangu, akaingia ndani, na ni baada ya kusikia beseni likiwekwa sakafuni ndipo nilipotambua kwamba hakuwa amesimama kupumzika hata mara moja.

"Kuna maji ya kunawa?" akaniuliza.

Nikaenda kumtilia.